Gari Lililokataa Kunyamaza

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na masizi haina adabu. Haipigi hodi. Juzi nilikuwa kwenye benchi la gereji moja pale Picha ya Ndege, Kibaha, nimechoka kusubiri, naangalia saa, nasimama, nakaa, nasimama tena, huku kijana wa gereji akihangaika na injini ya gari langu. Alikuwa ameshaniambia tatizo kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari za kisukari: "Dada, kaboni imejaa. Gari linapumua kwa shida." Kisha akachovya brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, akaanza kusugua, na harufu ile ikanijia usoni nzima nzima. Sikuwa tena Picha ya Ndege. Nilikuwa Misugusugu, kwenye ua wetu wa mchanga, mwaka ule ambao mama hakuwepo nyumbani.

Nitawasimulia, ila mnivumilie nikirukaruka, maana mimi si mtu wa kutulia. Nilizaliwa hivyo. Bibi mzaa mama alikuwa akisema nilitoka tumboni naulizia viatu.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kibaha kabla sijazaliwa, akanunua kiwanja Misugusugu wakati ambapo watu walikuwa bado wanamcheka kwa kununua pori. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Shikamoo yake kwa wakubwa ilikuwa haisikiki. Wakubwa wenyewe walikisia kwa kuangalia midomo, wakaitikia marahaba. Sijawahi kumsikia akigombana na mtu, na nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo maana ya kuwa mwema. Kitu kimoja tu kilimfanya aongee sana, nacho ni gari lake.

Lilikuwa pikapu la rangi ya maziwa, la zamani, la kabureta, alilolipata mkononi mwa mtu. Alilivisha turubai. Alilifuta vumbi kila jioni kwa kitambaa ambacho sisi hatukuruhusiwa kukigusa, na aliponikuta nimeegemea mlango wake alisema, "Kitunze kikutunze, Zuhura," nami nikaondoa mgongo wangu. Na kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, alilivua turubai, akaliwasha, akaliacha lingurume pale pale uani. Alikunywa chai yake polepole, mkate na siagi, huku akilisikiliza. Chai ikiisha alilizima, akalifunika, akachukua mkoba wake, akatembea hadi barabara kuu kupanda basi la kwenda kazini.

Msicheke. Yeye aliamini kabisa kwamba ndivyo gari linavyotunzwa. Linapashwa moto kila siku lisisahau kazi yake, halafu halipewi kazi yenyewe. Jumapili alikwenda nalo dukani na kurudi, kwa mwendo ambao kuku walikuwa wanavuka mbele yake bila kukimbia.

Sasa, gari lile lilikuwa na tabia yake, na tabia hii mtaa mzima uliijua. Lilikataa kuzima. Baba aligeuza ufunguo, akauchomoa, akautia mfukoni, na injini ikaendelea. Si vizuri, lakini ikaendelea: tu-tu-khu, tu-tu-khu, pikapu zima likitikisika kama mtu mwenye homa, hadi likajichokea lenyewe na kupiga kikohozi kimoja kikubwa cha mwisho. Baba alisimama pembeni ameweka kiganja juu ya boneti, anasubiri, uso wake umejaa haya. Watoto wa jirani walikuwa wanahesabu vikohozi na kushangilia. Mama akiwa jikoni alisema, "Haya, mwenyewe kazima, gari bado linajadiliana."

Mama alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na yeye alisikika. Akiwa jikoni walijua walioko barabarani. Sijui hawa wawili walionana vipi, ila nilijua kwamba baba akitoka na "haraka haraka haina baraka," mama alimjibu "ngoja ngoja huumiza matumbo," na nyumba ikaendelea hivyo, mmoja anavuta huku, mwingine kule, nami katikati nikiwa na miguu ya mama.

Kisha mama mkubwa akafariki kule Kisarawe, dada mkubwa wa mama, aliyemlea. Mazishini walikwenda wote wawili kwa basi, kwa kuwa ilikuwa ghafla. Lakini arobaini haiji ghafla. Mama aliipanga. Alitaka kupeleka mchele, masufuria makubwa aliyoazima kwa kina mama wa mtaa, majamvi, na kina mama wenyewe wawili watatu wa kumsaidia kupika. Akamwomba baba pikapu. Sijui alimwomba mara ngapi. Mara niliyoisikia mimi, baba alikuwa ananyoosha turubai.

"Ile njia ya kilimani itaniulia gari, mama Zuhura," alisema kwa sauti yake ile ndogo.

Mama hakujibu, na hilo lingetosha kumwogopesha mtu mwenye akili. Aliliangalia gari, akaangalia masufuria, akaangalia tena gari. Alfajiri ya siku ya safari alitoka na sufuria kichwani na nyingine mkononi, jirani mmoja akimsaidia mchele, wakaenda kusimama barabarani. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule. Arobaini ikapita, kina mama wa mtaa wakarudi, masufuria yakarudi, mama hakurudi.

Aliyekuja ni Mjomba Kondo, kaka yake mama. Na hapa niwaeleze wale ambao hawakukulia kwetu: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Mjomba Kondo aliingia bila hodi, akachukua kofia ya baba iliyokuwa msumarini, akaivaa, akakalia kiti cha baba, akadai chakula, na alipomaliza kula ugali ambao baba aliupika mwenyewe akasema mtu yeyote akiuliza atasema alilishwa udongo wa Tabora. Kisha akafuta mdomo na kusema alichotumwa.

"Shemeji, dada yangu hajaachika wala hajaacha. Amekaa kwao. Akifuatwa, atarudi. Ila kasema usiende kwa basi. Njia ya basi anaijua, kaipita na masufuria kichwani. Uje na hilo gari lako linalofungiwa ndani kama mwali."

"Gari linaumwa," baba alisema.

"Basi lipeleke hospitali," Mjomba Kondo akamjibu, akasimama, akaondoka na kofia.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Nilishika neno moja tu katika maneno yote yale: gari. Mama atarudi na gari. Kwa hiyo kati yangu na mama kulikuwa na gari, na nilianza kuliangalia kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kiumbe chochote chenye damu.

Sikutulia siku zile. Nyumba ilikuwa na ukimya wa kuniwasha. Baba alipika wali ukawa bokoboko upande mmoja na mchele mbichi upande wa pili. Alinisuka nywele, Mungu amlaze pema, mabutu mawili ambayo hayakufanana, na shuleni waliniuliza kama nimegombana na mtu. Mimi nilizunguka. Nilitoka ndani nikaenda barabarani, nikatazama mabasi yanayotoka upande wa Maili Moja, nikarudi, nikaikuta nyumba vilevile, nikatoka tena. Kila Jumamosi asubuhi nilimwuliza, "Baba, leo?" Kila Jumamosi alisema, "Gari halijawa sawa, mwanangu."

Jumamosi moja tulianza safari. Alivaa shati la kazini, akanikalisha mbele, tukatoka. Hatukufika mbali. Pale Kongowe, kwenye kimwinuko ambacho hata bibi kizee mwenye mzigo hakihesabu kuwa kimwinuko, injini ilianza kugonga, kaka-kaka-kaka, kama misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Malori yalitupita yakitupigia honi. Baba alitokwa na jasho. Alisimamisha gari pembeni, akashika usukani kwa mikono miwili, kisha akageuza.

"Kama hapa linalia hivi," alisema, "Kisarawe halitapanda."

Nililia hadi Misugusugu. Tulipofika akazima, na gari likakataa kuzima, tu-tu-khu, tu-tu-khu, na kwa mara ya kwanza hakuna mtoto wa jirani aliyeshangilia.

Hapo ndipo alipoletwa Fundi Shomari. Alikuwa fundi wa malori ya kiwanda kimoja kule Zegereni, mnene, mwenye maneno mengi, na mwenye kukosea bila kuona haya. Kwanza alisema ni plagi. Tukabadilisha plagi, haikuwa plagi. Akasema ni mafuta machafu, akamwaga mafuta, haikuwa mafuta. Ndipo alipomwomba baba aliwashe, alisikilize, alizime. Akasikiliza namna linavyokataa kuzima, akapiga makofi kama aliyekutana na ndugu yake.

"Afisa, hii ni kaboni! Ndani mmejaa masizi, yanashika moto kama mkaa. Wewe unazima huku, yeye anajiwashia huko. Huwa unakwenda nalo wapi?"

"Siendi nalo sana," baba alisema. "Nalipasha moto tu. Kila asubuhi."

"Afisa," Fundi Shomari alisema, "gari lako haliumwi. Limekaa."

Jumapili yake akaja na spana zake, akafungua kichwa cha injini, akakiinua kwa mikono miwili na kukilaza juu ya gunia. Nikasogea. Mpaka leo naona nilichokiona. Vichwa vya pistoni, ambavyo Fundi alisema vinatakiwa ving'ae kama sarafu, vilikuwa vimevikwa gamba jeusi, nene, lililopasukapasuka kama tope la kidimbwi kilichokauka. Harufu ya masizi ikatoka. Fundi akamimina mafuta ya taa juu yake ili gamba lilainike, na hiyo ndiyo harufu ninayowaambia.

"Sasa tunakwangua," alisema. "Lakini si kwa chuma. Chuma kitaichora pistoni. Nataka mti, mti mgumu."

Baba akatazama huku na huku, akaingia jikoni, akatoka na mwiko wa mama.

Ulikuwa mwiko mkubwa wa mninga, mweusi kwa miaka ya kusonga, ambao mama alikuja nao kutoka kwao alipoolewa. Sikuamini. Baba aliuweka juu ya kigogo, akachukua panga, akakata ncha yake na kuichonga ikawa bapa na kali kama patasi. Nilipiga ukelele. Nilikuwa nimejifariji kwa vitu vya mama vilivyobaki: kanga zake zilikuwepo, kibao chake cha mbuzi kilikuwepo, mwiko ulikuwepo, basi na mwenyewe anarudi. Sasa baba anaukata. Katika akili yangu mtu hakati mwiko wa mwanamke anayerudi.

"Nitamchongea mwingine," baba alisema, ameshtuka, panga mkononi. "Zuhura. Nitamchongea mwingine."

Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado nalia na yeye hakujua kubembeleza, akanipa ule mwiko. "Haya, kwangua wewe."

Nikakwangua. Jamani, nilikwangua! Nilipanda juu ya bampa, nikainama ndani ya lile gari nililolichukia, nikaukandamiza mwiko wa mama juu ya gamba lile na kulisukuma, nalo likatoka vipande vipande, kru-kru, likiacha ngozi ya fedha chini yake. Fundi alikuwa amepaka grisi kuzunguka ukingo wa kila pistoni ili makombo yanase humo yasidondokee ndani, na alinionya, "Pembeni pale acha kipete cheusi chembamba. Usimalize yote. Ukimaliza yote litakula oili." Mimi nilitaka kumaliza yote. Nilitaka liwe jeupe, liende, tuondoke. Lakini nikaacha kile kipete, huku nikihesabu kwamba kila kombo linalotoka ni hatua moja ya kilima cha Kisarawe.

Mchana Fundi Shomari aliletewa wali na maharage na mama wa jirani, akala akiwa amekaa kwenye tairi la akiba. Nikamwuliza, kwa sababu lilikuwa linanikereketa, "Fundi, lile gari lisingefunguliwa, lingefika Kisarawe?"

"Lingefika," alisema, mdomo umejaa. "Lingelia njia nzima, lingewatia aibu, ila lingefika."

Nilimtazama baba. Alikuwa anapangusa valvu moja kwa kitambaa. Aliendelea kuipangusa, ingawa ilikuwa tayari safi. Mimi nikaona Fundi anatania, kwa kuwa alikuwa mtu wa mizaha, nikarudi kukwangua.

Kazi ambayo Fundi alisema ingeisha siku ile ile haikuisha. Baba ndiye aliyeichelewesha. Alisema valvu zisagwe tena. Alisema gasketi ile haimridhishi, itafutwe nyingine mjini. Alirudi kutoka kazini jioni, akavua shati, akainama na kusugua ndani ya kile kichwa cha injini mpaka kikawa safi kuliko sahani zetu. "Afisa, hatuli chakula humo," Fundi alimwambia. Nilikuwa nawazunguka kama nzi. Nilimletea baba spana ambayo hakuitaka, nikamwuliza saa, nikamwuliza tena.

Siku ya kulifunga ilikuwa Ijumaa alasiri. Fundi alikaza nati ya mwisho, akamwambia baba aliwashe. Liliwaka, likatema wingu la moshi mweupe lililofunika ua mzima, likakohoa, kisha moshi ukapungua na injini ikatulia kwenye mlio laini ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake. Tukasimama tunasikiliza. "Zima," Fundi alisema. Baba akageuza ufunguo.

Likanyamaza. Hapo hapo. Hakuna tu-tu-khu, hakuna kikohozi. Ukimya uliokuja ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilisikia kuku wakiparura nyuma ya nyumba. Mimi na Fundi tulirukaruka. Baba alibaki ndani ya gari ameshika ufunguo, na uso wake haukuwa uso wa furaha. Nilidhani amechoka.

"Sikiliza, Afisa," Fundi alimwambia kwenye dirisha. "Ukitoka hapa likanyage. Kilima ukikiona, kanyaga. Usilionee huruma tena, ukilionea huruma nitarudi."

Asubuhi ya Jumamosi baba alikunywa chai. Akaongeza nyingine. Akasema pengine gari lijaribiwe kwanza humu humu, pengine wiki ijayo. Sikusubiri amalize. Niliingia chumbani, nikavaa gauni langu la Idi, nikachukua mwiko uliokatwa kwa kuwa sikutaka kuuacha, nikaenda kukaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu na kufunga mlango. Aliniita. Sikushuka. Aliniita tena, nikamwambia kupitia dirishani, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Alisimama pale uani muda mrefu. Kisha akaenda kuvaa.

Safari yenyewe siikumbuki vizuri, nilikuwa nimekaza macho mbele tu. Nakumbuka tulipita mjini, tukapita Gongo la Mboto, tukapita Pugu, na kilima kikaanza. Baba alikuwa anakwenda kwa mwendo wake wa kuku. Nikamwambia, "Baba, Fundi kasema ukanyage." Akanitazama, akatazama kilima, akakanyaga. Pikapu liliinua pua. Halikugonga. Nyuma yetu ulitoka moshi mweusi, makombo ya miaka yote yaliyosalia yakitoka kwa ekzosi, na watoto waliokuwa wanauza mafenesi pembeni ya barabara wakatupigia kelele, nami nikawapungia mwiko.

Kwao mama kulikuwa mbele kidogo ya Kisarawe mjini, nyumba ya udongo yenye uwanja mpana, mikorosho nyuma. Baba alisimamisha gari kando ya njia, akazima, likanyamaza, na hakuna aliyetoka. Si mtu hata mmoja. Tulikaa ndani ya gari kama wageni waliokosea mlango. Baba akasema kwa sauti ya chini, "Labda hawapo." Mkono wake ulikuwa umerudi kwenye ufunguo. Nimeuona mkono ule mara nyingi ndotoni.

Nilimshinda kasi. Nilifungua mlango, nikaruka, nikaita, "Mjomba!" Na kabla baba hajawasha, Mjomba Kondo akatokea pembeni ya nyumba, kofia ya baba kichwani, binamu zangu wakubwa wawili nyuma yake. Alipomwona baba alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akamtuma mmoja wao alete mchi, wakaulaza mchi ule chini, katikati ya njia ya kuingilia uani.

"Mnyamwezi," alisema, "karibu sana. Ila mchi huu hauvukwi mpaka useme ulichofuata."

Baba alishuka. Alisema kitu.

"Hatukusikia!"

Akasema tena. Hata mimi niliyekuwa pembeni yake sikusikia.

"Jamani, huyu kafuata nini? Kafuata korosho? Kafuata muhogo? Mtani, kule Tabora hamna sauti?"

Binamu zangu walicheka. Mtani hakasirikiwi, na mtani hakatizwi. Hakuna mtu ambaye angemwokoa baba pale. Nilimwona akiangalia lile gari, safi, kimya, ambalo miaka yote lilikuwa linapiga kelele kwa niaba yake. Kisha akafumba macho, baba yangu, mtu ambaye shikamoo yake haikusikika, akapiga kelele:

"Nimemfuata mke wangu!"

Kuku walitawanyika. Mjomba Kondo akaacha kucheka.

"Nimemfuata mke wangu!" baba alisema tena, ingawa safari hii hakuna aliyemwuliza. "Nimemfuata na gari!"

Mama akatokea mlango wa nyuma, mikono imejaa unga wa muhogo hadi kwenye viwiko. Alisimama. Alimtazama baba, akanitazama mimi na gauni langu la Idi na mabutu yangu yasiyofanana, macho yake yakashuka hadi mkononi mwangu.

"Mwiko wangu!" alisema. "Nani kaula mwiko wangu?"

"Baba kaukata," nikasema. "Tumekwangulia gari."

Akaja, akauchukua, akaugeuza, akaunusa ile ncha nyeusi inayonuka masizi na mafuta ya taa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka hadi alipokaa chini kabisa, kwenye mchanga, akicheka na machozi yakimtiririka. "Nilitaka aharibu gari kwa ajili yangu," alimwambia Mjomba Kondo, "kaharibu mwiko." Mjomba akaondoa mchi.

Tulirudi jioni ile ile, mama katikati yetu, kapu la korosho miguuni. Mteremkoni baba alikanyaga kama alivyoambiwa. "Taratibu, baba Zuhura," mama alisema, amenishika, amemshika na yeye. "Taratibu, utaua gari."

Miaka mingi nilijua hadithi hii hivi nilivyowasimulia. Kulikuwa na kaboni, tukaiondoa, mama akarudi. Neno la Fundi Shomari lilikuja kunirudia ukubwani tu, nikiwa nimeshaolewa, nimeshanuna, nimeshanuniwa. Lingefika. Lingelia njia nzima, ila lingefika. Ndipo nilipoelewa kwamba baba hakuogopa kilima. Mtu ambaye hajafika hajakataliwa, na baba alikuwa anajitunzia hilo, kila Jumamosi, kwa kitambaa chake safi.

Lakini upande wa mama nilikuja kuujua baadaye zaidi. Baba alipotangulia, mama alikaa eda nyumbani Misugusugu, nami nikaja kukaa naye. Aliyesikika mtaa mzima sasa alikuwa haongei. Alasiri moja tulikuwa chumbani, pazia limeshushwa, kule barabarani magari yanapita kama kawaida, na niligundua kwamba kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya ainue kichwa kidogo.

"Mama, unasikiliza nini?"

"Mazoea," alisema. "Kule Kisarawe nilikaa hivihivi. Mlidhani nimekasirika. Kila Jumamosi, kila gari lililopanda kile kilima nilikuwa nalisikiliza mpaka lizime. Likizima mara moja najua si yeye. Nilikuwa nasubiri lile linalokataa." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Siku aliyokuja nililisikia likizima, nikasema si yeye, nikaendelea kutwanga."

Kijana wa Picha ya Ndege alimaliza kazi yake juzi, akafunga boneti, akaniambia niwashe. Aliniuliza huwa naendesha wapi, nikamwambia nyumbani na kazini, polepole, si mbali. Akatikisa kichwa. Moshi ukatoka, ukapungua, injini ikatulia. "Zima sasa, dada, usikie."

Nikazima. Likanyamaza hapo hapo, na kijana akatabasamu kwa kujivunia kazi yake. Alikuwa ananyoosha mkono apokee ahsante. Mimi nilibaki nimeshika ufunguo, sijashuka, nasikiliza.